Baraza letu la wastaafu, Ngamiani, Tanga

Nikiwa reli niliwaona wakubwa zangu wakistaafu wazima, wana nguvu zao, kisha muda si mrefu wanalegea. Ndiyo maana zamu yangu ilipokaribia sikuwaza sana pensheni. Niliwaza nani ataniuliza niko wapi. Mke wangu ana vikoba, maulidi, harusi na misiba ya watu, siku haimtoshi. Sisi wanaume wenzetu wako kazini, na siku ya kukabidhi ofisi unawakabidhi pamoja na funguo.

Nilipotimiza miaka 60, umri wa lazima kwa mtumishi wa umma, nilimfuata jirani yangu, mwalimu mstaafu. Yeye alikuwa na bao, mimi nina kibaraza kinachopata kivuli kuanzia alasiri. Tukaanza wawili. Bao huita watu lenyewe. Kete ni 64, kila mmoja zake 32, na mwanzoni unashika 22 mkononi ukinamua, yaani ukiziingiza ubaoni moja moja. Anayepita haachi kusimama akasema, "Mzee, hapo ungekula kushoto!" Akishasema hivyo huyo ni wetu. Muuza kahawa naye akabadili njia yake, akawa anatupitia na birika lake na kashata. Wenye sukari wanaishia kwenye kahawa, na tunawasimamia kwelikweli.

Kazi kubwa ilikuwa kuwapata wasiopita barabarani. Kulikuwa na mzee aliyefanya kazi bandarini, mgane, watoto wako Dar. Kila nikimwalika ananijibu "Inshallah," na haji. Mwalimu akaniambia, "Bwana, huyu usimwalike, mpe kazi." Benchi letu lilikuwa limelegea mguu. Nikaenda kwake nikamwambia hatuna fundi. Akaja na nyundo yake, akaligonga, akaondoka hata kahawa hakunywa. Kesho yake akarudi kuangalia kama limeshika. Akakaa mpaka adhana ya magharibi. Sasa ndiye mtunza daftari wetu la mahudhurio, na sijaona mtu anayelilinda daftari kama yeye.

Tangu hapo hakuna anayeingia akakaa bure. Mmoja anapika uji wa Ramadhani, mwingine, aliyekuwa bwana afya, anatupima presha. Mwanamume aliyezoea kutegemewa ukimwita "njoo tupumzike" anaona umemwambia amekwisha.

Daftari lile si la faini. Asiyeonekana siku mbili bila taarifa, wawili wanakwenda kumgongea. Kwa utaratibu huo tulimkuta mwenzetu ameanguka bafuni, peke yake nyumbani, tukamwahisha hospitali ya Bombo. Anatembea kwa mkongojo, lakini yupo.

Suala la fedha lilitugawa. Wengine walitaka tukopeshane. Mimi na mwalimu tulikataa katakata: mtu akidaiwa na wenzake ataanza kukwepa baraza, na baraza ndilo tulilolitaka. Mchango wetu ni wa msiba na wagonjwa tu. Anayestaafu sasa tunamfuata mapema, kabla pesa za mkupuo za kustaafu hazijaingia, kwa sababu wenye biashara za kumshawishi nao wanajua tarehe. Hatumwamulii. Tunamkalisha na waliokwisha kununua bodaboda na waliokwisha kujenga, wamweleze walichokipata na kilichowapotea.

Yapo pia mambo ya mfuko wa pensheni. Mimi nilitokea PPF, mwalimu PSPF, mwenzetu wa halmashauri LAPF, na tangu 2018 mifuko hiyo ilipounganishwa, sote tuko PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma. Ikifika zamu ya mfuko kutuhakiki wastaafu tunakwenda pamoja, na vitambulisho vinakaguliwa hapahapa kibarazani siku moja kabla. Mzee wa bandari husoma majina kwa sauti, na ambaye jina lake limekosewa herufi haondoki mpaka tukubaliane nani atamsindikiza kulirekebisha.