Siku moja maishani mwangu: kazi ya kuhesabu viduha Hombolo

Saa 11 alfajiri naamka, chai ya rangi, viazi vya jana, napiga kiki pikipiki kutoka Ihumwa kwenda Hombolo, hapa hapa Dodoma. Kijiweni wananiita bwana shamba, nishachoka kuwaeleza kwamba mi mtafiti wa mimea sio bwana shamba, sa hivi naitika tu.

Saa 1 asubuhi niko shambani, vijana wa kuamia ndege washaanza kelele maana mtama umetoa masuke na kwelea hawana huruma. Kazi ya leo ni kuhesabu viduha, ploti kwa ploti. Kama hujawahi kukaona, kiduha ni kamajani kadogo, huku kwetu maua yake mekundu, mazuri kweli ukikaangalia, kumbe kamejiunganisha na mizizi ya mtama na kananyonya tangu kakiwa chini ya udongo, yani hadi kanachomoza mtama ushaumia tayari. Mche mmoja unatoa mbegu maelfu kwa maelfu, ndogo kama vumbi, na zinalala ardhini zaidi ya miaka 10. Kung'oa unang'oa, ila umechelewa.

Saa 3 dogo aliyekuja fildi ananiuliza, "Braza, saitesheni zako zimefika ngapi?" Yani pepa zangu, makala za utafiti, zimetajwa na wengine mara ngapi. Nikacheka. Ikabidi nimweleze h-indeksi, kile kipimo alichokileta mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, kwamba ukiwa na pepa 4 ambazo kila moja imetajwa na wenzako angalau mara 4 basi wewe ni 4. Mi ni 4. Na pepa yangu inayotajwa kuliko zote niliiandika nimekaa chumba cha kupanga Morogoro, nasoma pepa za watu na kuzipanga upya, sikugusa udongo hata siku moja! Ile niliyoungua nayo jua misimu mitatu hapa Hombolo imetajwa mara moja, na aliyeitaja ni mimi.

Saa 5 tunaingia maabara, na hapa ndo penyewe. Mbegu ya kiduha haioti mpaka inuse kemikali inayotoka kwenye mzizi wa mtama, bila hiyo inaendelea kulala. Sasa Hess, Ejeta na Butler wa Purdue kule Marekani walichapisha mwaka 1992 njia rahisi sana: unaweka mbegu za kiduha kwenye kisahani cha aga, ile jeli ya maabara, unapandikiza mbegu ya mtama, baada ya siku chache unapima mzizi umeziamsha mpaka umbali gani. Mtama unaotoa kemikali kidogo hauamshi za mbali, kwahiyo kiduha hakiusumbui sana. Basi, rula na darubini. Huyo Gebisa Ejeta ni Muethiopia, mwaka 2009 akapewa Tuzo ya Chakula Duniani, na mbegu za mtama unaostahimili kiduha, Wahi na Hakika, zilizoidhinishwa hapa Tanzania mwaka 2002 zimetokana na mitama ya kazi yao hiyo. Kwahiyo siwezi kuziponda pepa, bila ile ya 1992 mi leo ningekuwa napima nini?

Saa 8 ugali wa mtama na mlenda kwa mama ntilie. Nimekula sana.

Saa 9 fomu ya kupanda cheo. Safu ya pepa, safu ya jarida, safu ya pointi, nimetafuta pa kuandika wakulima wanapanda nini nikakuta kisanduku cha "mengineyo", mistari miwili. Nikafunga laptopu.

Saa 10 jioni nikapitia kwa bibi mmoja kijijini. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu, mbukwenyi!" Shamba lake limezungukwa na mashamba mekundu kwa viduha, lake vichache mno. Nikashika suke, nikaliangalia juu chini, moyo ukaanza kwenda mbio. Nikamuuliza kama ni Hakika.

"Hakika gani? Huu mtama wa shemeji."

Shemeji yake alimletea kibuyu kimoja zamani, akawa anachagua masuke mazuri kila mwaka na kutunza mbegu, majirani wakaomba, nao wanauita hivyohivyo, mtama wa shemeji. Mtama kwa kawaida unajichavusha wenyewe kwahiyo mbegu ya kutunza haibadiliki haraka, ila kwa macho tu siwezi kuapa. Inaweza kuwa Hakika, inaweza kuwa wa kwao kabisa, na ukiwa wa kwao ndo utamu zaidi.

Saa 3 usiku nafungua imeili, mhakiki wa jarida anataka msimu mwingine wa data. Mvua hapa ni msimu mmoja kwa mwaka, bwana mkubwa! Nimeiacha hivyo, nikachukua suke la bibi nikalitia kwenye bahasha ya kaki, juu nikaandika tarehe na "mtama wa shemeji, Hombolo". Likikauka vizuri linaingia kwenye aga.