Herufi za mchanga mweusi: jinsi ninavyowafundisha watoto wadogo huku Ndosho

Watoto wengi wanaoletwa kwangu wanafika wakijua wimbo wa a, be, se, de mpaka mwisho. Wanauimba vizuri, wanapiga makofi, na wazazi wao wanafurahi. Lakini ukimwandikia mtoto huyohuyo herufi moja ubaoni ukamuuliza ni ipi, ama anaanza wimbo upya, ama anakutazama tu. Wimbo anao mdomoni, herufi yenyewe hawajaonana. Ninaandika haya kwa akina mama na walimu wenye watoto wa miaka mitatu hadi mitano, hasa wale wasio na pesa ya kununua herufi za plastiki za madukani, kwa sababu nimeona kwamba hazihitajiki.

Ninakaa Ndosho, mtaa wa hapa Goma, mashariki mwa Kongo. Asubuhi ninakaa na watoto wa majirani uani kwangu, wakati wazazi wao wako sokoni au kwenye vibarua. Sina meza. Nina mkeka, ubao mmoja, na ua wa mawe meusi ya volkano kama nyua nyingi za mji huu. Wakifika miaka sita wataingia darasa la kwanza, na huko Kifaransa kitawapokea. Kwangu wanaanza na Kiswahili, kwa kuwa ndicho wanachoamka nacho na kulala nacho. Katiba yetu ya mwaka 2006 inakihesabu kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kilingala, Kikongo na Chiluba, lakini hata bila katiba ningefanya hivyohivyo. Irabu zetu ni tano na hazigeuki sauti: a ni a popote utakapoikuta. Kwa Kifaransa, u ina sauti yake nyingine kabisa, na u yetu inaandikwa kwa herufi mbili, o na u. Mtoto akishaelewa kwamba alama ile inashika sauti, hayo mengine atayapokea baadaye bila kuchanganyikiwa.

Kitu cha kwanza nilichotengeneza ni herufi za kupapasa. Wazo ni la Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Roma mwaka 1907. Yeye alitumia karatasi ya msasa. Msasa ni pesa, na Goma mchanga mweusi haukosekani popote penye ujenzi. Shida ya mchanga wetu ni kwamba una punje kali zinazokwaruza, kwa hiyo ninauosha kwenye beseni mpaka maji yatoke safi, ninauanika, halafu ninauchekecha kwa chekeche ya unga na kubaki na ule laini tu. Kabla ya kuutumia ninausugua nyuma ya kiganja changu. Ukiniwasha, ninauchekecha tena.

Gundi ninapika mwenyewe kwa unga wa mihogo, uleule wa fufu: vijiko viwili kwa kikombe kimoja cha maji. Koroga kwanza na maji ya baridi ili usipate mabonge, ndipo uweke kwenye mbabula, yaani jiko la makaa, yenye moto mdogo, usiache kukoroga mpaka uji uanze kung'aa na kuvutika. Tia chumvi kidogo ili usichache upesi. Kata katoni za biskuti ukubwa wa kiganja cha mtu mzima, chora herufi kwa penseli, paka gundi juu ya mstari kwa upana wa kidole cha mtoto, mwagia mchanga, bonyeza, kisha kung'uta. Irabu ninazibandika juu ya majalada ya buluu ya kaye (madaftari) zilizoisha, konsonanti ninaziacha kwenye katoni tupu. Mtoto anatambua irabu kwa rangi kabla hata ya kujua ni ipi.

Kwa siku moja ninatoa mbili tu, zisizofanana kwa umbo wala kwa sauti. Ninapitisha vidole viwili juu ya mchanga, polepole, kuanzia pale kalamu itakapoanzia siku moja, huku nikitoa sauti. Ninasema mmm, sisemi "em". Halafu naye anapitisha vyake. Kisha namwambia, "Nipe mmm," na mwisho kabisa ndipo ninapomuuliza, "Hii ni nini?" Watu wazima tunalikimbilia hilo swali la mwisho. Mtoto akikosea ninarudi nyuma, ninataja tena, tunaendelea, bila kumtingishia kichwa. B na d siziweki karibu. Zikizoeleka kwa majuma kadhaa kila moja peke yake, mikono inakuwa imeshajua moja inapinda huku na nyingine kule. Na akizigeuza bado, hiyo ni kawaida kabisa kwa umri huu, usimchape wala usimwite mjinga.

Mpangilio wa a mpaka z niliuacha. Ninaanza na a, i, u, kisha m, k, t, kwa sababu herufi hizo sita tu zinatupa mama, kaka, kuku, kiti na kiatu. Hapa ndipo vifuniko vya chupa za plastiki vinapoingia. Ninaviokota, ninaviosha kwa maji ya moto, ninaandika herufi kwa wino usiofutika, na watoto wanapanga maneno juu ya mkeka. Mtoto ambaye hawezi bado kushika penseli anaweza kuandika kiatu kwa vifuniko vitano, akavua chake mguuni na kukiweka pembeni. Nimeshuhudia hilo mara nyingi, na kila mara uso wa mtoto unanipa nguvu ya kuendelea. Wenye miaka mitatu na chini siwapi vifuniko nikiwa mbali. Kipimo changu ni kile kibomba cha katoni kinachobaki karatasi ya chooni ikiisha: kitu chochote kinachopita ndani yake kinaweza pia kumkwama mtoto kooni.

Mchezo wanaoupenda kuliko yote ni mfuko. Ninatia vitu vitano au sita ndani ya mfuko wa kitenge, mtoto anaingiza mkono bila kuchungulia, anapapasa, anataja kitu, halafu anatafuta katoni ya sauti yake ya kwanza. Ukifanya mchezo huu kwa Kiswahili utakutana na jambo ambalo maelekezo ya wazungu hayakwambii: vitu vyetu vinafurika kwenye K na M. Kijiko, kitunguu, kifuniko, kiatu, kikombe. Mukate, muti, mufupa, kama watoto wa hapa wanavyotamka. Kwa hiyo inabidi uchague kwa makusudi: sabuni, ndizi, dawa, limau, pilipili, jiwe, bakuli, fulana.

Ikaja zamu ya V. Niliweka viatu viwili mkekani, nikauliza. Wakajibu kwa sauti moja, "Biatu, Madamu!" Na ndivyo tunavyosema Goma: bitu, bitabu, bijiko. Masikio yao hayakukosea hata kidogo, walisikia B na wakaniletea katoni ya B. Niliipokea. Siwezi kumwambia mtoto aamini sikio lake, halafu siku hiyohiyo nimkatalie alichosikia. Tukapanga biatu kwa vifuniko, kisha nikapanga viatu chini yake, nikawaambia nyumbani tunasema hivi, kitabu kinasema hivi. Wakazoea kusoma vyote viwili kwa zamu, na wakageuza kuwa mchezo: mmoja anapaza bijiko, wenzake wanajibu vijiko. Kuikaribisha V yenyewe nilitumia volkano. Hakuna mtoto wa Goma asiyelijua neno hilo, na mlima wetu wa volkano, Nyiragongo, tunauona kutoka uani mawingu yakiondoka.

Mikono nayo inahitaji mazoezi kabla ya biki, yaani kalamu. Tunachambua maharage, tunayapanga juu ya mstari wa herufi niliyoichora kwa makaa juu ya jiwe, tunabana vibanio vya nguo kwenye kamba. Maharage mabichi yana sumu na pia yanaingia puani, kwa hiyo ninayahesabu nikitoa na nikirudisha. Mara ya kwanza nilifinyanga herufi kwa unga wa ngano na chumvi, mama mmoja akaniambia kwa upole kwamba kwake unga haulali nyumbani hata siku moja, na mtoto akimsimulia kwamba Madamu anauchezea, anaumia. Nilimwelewa mara moja. Tangu hapo tunatumia udongo wa mfinyanzi unaoletwa kutoka upande wa Rutshuru. Udongo, kwa kweli, ni mzuri kuliko unga: ni mgumu kidogo, na vidole vinafanya kazi. Herufi wanazofinyanga tunazikausha juani.

Wazazi wengine walikuja juu. "Madamu, mutoto anakuja kucheza tu? Kaye yake iko wapi?" Nawaelewa, kwa sababu kaye iliyojaa mistari inaonekana, na kidole kilichozoea herufi hakionekani. Nilimwomba baba mmoja akae dakika chache. Mtoto wake akafumba macho, nikamwekea katoni mkononi, akapapasa akasema, "Tttt." Nikabadilisha. "Uuu." Baba akaomba ajaribu yeye mwenyewe akiwa amefumba macho, akaona kazi yake. Hakuuliza tena habari ya kaye, na aliporudi alituletea katoni tupu za biskuti kutoka dukani anakofanya kazi.

Jina la mtoto ndilo neno lililomo rohoni mwake kuliko yote, kwa hiyo herufi yake ya kwanza ninampa mapema hata kama haimo katika zile sita. Majina yetu yanasaidia: Amani, Baraka, Furaha, Neema, Riziki, Zawadi. Yale ya Kifaransa, kama Gloire au Christian, ninayaandika jinsi yalivyo na kumwambia mtoto kwamba jina lake lina sheria zake. C peke yake haimo katika Kiswahili, kwa hiyo ch ninaibandika kwenye katoni moja kama sauti moja, ya chai na chumvi. Q na X ninawaachia walimu wa la kwanza.

Katoni hazidumu. Mvua ya hapa inalainisha kila kitu na mende wanapenda gundi ya mihogo, kwa hiyo ninazihifadhi ndani ya bido, yaani dumu la plastiki, lililokatwa juu na kufunikwa, na zinazopukutika ninawapa watoto wakubwa. Wanapaka gundi upya wao wenyewe, wanafuata mstari kwa kidole chenye gundi, wanamwaga mchanga, na hapo wanakuwa wameshaiandika herufi mara mbili bila mtu kuwatuma. Ndiyo maana mama akiniomba seti ya kupeleka nyumbani, simpi iliyokwisha. Ninampa kikombe cha mchanga uliochekechwa na katoni tano za irabu zilizochorwa kwa penseli tu, gundi apike kwake, na mtoto ashike kijiko.