Mzee wa akala, kwa nyeusi na nyeupe

Nikienda soko la Kariokor, Nairobi, nabeba Instax Mini 90, kamera inayotoa picha papo hapo, na filamu ya nyeusi na nyeupe, basi. Pakiti ina picha 10, kila moja milimita 62 kwa 46. Hakuna negativu wala chumba cha giza ambako mtu ataung'arisha uso au kukata ukingo baadaye. Ukishabonyeza, umebonyeza.

Kwa hiyo kazi yote inafanyika kabla. Fundi wa akala, vile viatu vya tairi, mzee mmoja mwenye ndevu za mvi, hupenda kukaa mbele ya mabati yanayong'aa. Kamera hupima mwanga tu, haijui aliyekaa pale ni nani. Ikikutana na mabati yale inabana mwanga, na uso wake unazama, macho yasionekane. Picha za namna hiyo za watu wetu zimejaa kila mahali, na zinaniuma. Ngozi nyeusi ina vivuli vingi mno kuachwa iwe doa.

"Shikamoo mzee. Hebu sogea hapa mlangoni kidogo."

Mlangoni kuna kivuli, nyuma yake giza la duka, na mwanga wa anga unamfikia kwa ubavu. Nazima flashi, naongeza mwangaza hatua moja. Hapo ndipo mikunjo ya kipaji cha uso inatokea, na hata vumbi la tairi kwenye nyusi.

Picha ikitoka, majirani wote: "Ipunge ikauke!" Haina haja. Dawa ya kusafishia picha imefungwa ndani, rola zimeshaikamua na kuitandaza kati ya tabaka, upepo hauifikii. Kupunga ni mazoea ya filamu za kale za kubandua, ambazo picha ilitenganishwa na karatasi yake kwa mkono, za ukoo wa ile aliyoionyesha Edwin Land, mwanzilishi wa Polaroid, kule New York mwaka 1947. Zile za kwanza kuuzwa, 1948, zilitoa picha za kahawia. Nyeusi na nyeupe ilifuata 1950.

Kinachosaidia ni joto. Julai, baridi ya Nairobi ikikaza, dawa inazubaa na picha inapauka, kwa hiyo naitia mfuko wa ndani wa koti mpaka iive.

Napiga mbili, mzee anachagua yake kwanza. Hakuna picha yenye nakala, na mara nyingi anaondoka na ile nzuri zaidi. Ni haki yake.