Kilomita 485 kwa Leaf, na Vyuma Viwili vya Mtito Andei

Mwenye trela alitaka shilingi 28,000 kulipandisha gari kutoka Mombasa hadi Nairobi. Dereva wa kukodi angechukua nusu ya hizo, ila alipoambiwa halina tangi la mafuta alinirudishia ufunguo kwa heshima zote. Basi nikaliendesha mwenyewe, mimi na mpwa wangu, Nissan Leaf ya 2016 iliyotoka Japani, gari la umeme lenye betri ya kWh 30 (kWh moja ndiyo uniti moja ya stima). Gari la petroli hufika kwa saa nane. Sisi tulichukua siku tatu, na karibu siku nzima kati ya hizo ilimezwa na kitu kinachouzwa hadwea kwa bei ya kuku mmoja.

Kwanza hesabu, maana bila hesabu safari hii usiianze. Karatasi za Japani zinaliandikia gari hili kilomita 280 kwa chaji moja, kipimo cha Marekani kinasema 172. Amini cha Marekani, halafu punguza. Kabla ya kulipa nilichomeka kidude cha OBD, cha kusomea kompyuta ya gari, chini ya usukani na kufungua LeafSpy, programu ya simu inayoonyesha hali ya betri. Muuzaji alikuwa akizisifu baa 12 za dashibodi. Baa si ushahidi: zipo zinazorudishwa kwa kompyuta zikawaka zote, kisha zikaanza kuzimika tena betri inapojipima upya. Tazama SOH, yaani uwezo uliobaki, ambao kwa hili ulikuwa asilimia 86. Halafu tazama tofauti ya volti kati ya jozi 96 za seli. Gari likiwa limetulia, milivolti 10 au 20 si neno. Ukikanyaga mafuta mlimani (tuendelee kusema hivyo tu) na seli moja ikazama peke yake kwa milivolti 100 na zaidi, hiyo ndiyo itakayokuacha barabarani hata kama wenzake wote ni wazima.

Asilimia 86 zilitupa kama kWh 24 za kutumia. Sasa mlima. Leaf lenye watu wawili na mizigo lina kama kilo 1,650, na kuliinua mita 1,000 kunakula kWh 4.5 kabla hujagusa upepo na tairi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Kwa hiyo zaidi ya kWh 7, karibu theluthi ya betri, zinakwenda kupanda tu, na mtu anayetazama ramani ya simu hazioni.

Tulitoka Mombasa alfajiri na asilimia 100, AC imezimwa, tairi zimejazwa psi 36, kilomita 70 kwa saa nyuma ya lori la saruji. Kwa mwendo huo gari hula kama Wh 130 kwa kilomita (Wh 1,000 ni kWh moja). Ukikimbia 100, weka 180. Voi tulifika na asilimia 8, mpwa wangu fulana imemganda mgongoni.

Hapo Voi tulipoteza nusu siku kwa sababu ya Japani. Nilichomeka chaja saa tatu asubuhi, taa tatu za buluu juu ya dashibodi zikaanza kupokezana kuwaka, nikaridhika, tukaenda kutafuta chai. Tuliporudi saa saba mchana: asilimia 8 ile ile. Taa zinazopokezana hazisemi "najaza", zinasema "nasubiri saa yangu". Mwenye gari wa zamani alikuwa ameliwekea taima lianze kujaza saa tano usiku, umeme wa kwao unaposhuka bei, na saa ya dashibodi ilikuwa bado ya Japani, saa sita mbele yetu. Tungeliacha lingeanza saa kumi na moja jioni. Kando ya usukani, karibu na kile cha kufungulia mlango wa chaji, kuna kitufe cha kuzima taima. Kibonyeze kabla hujaenda kunywa chai. Kwa ampea 10 betri ilihitaji saa kumi na nusu kujaa, kwa hiyo tukalala Voi, kilomita 150 tu toka baharini.

Siku ya pili, kilomita 95 hadi Mtito Andei, zilipita bila la kusimulia. Tulikuwa na asilimia 43, na kutoka hapo barabara inaendelea kupanda.

Meneja wa nyumba ya wageni tuliyoingia alikubali tuchaji kwa shilingi 1,000. Nikamwambia uniti tutakazotumia hazitafika 500 kwa bei ya tokeni. Akasema chumba nacho ni 1,500 na hanipimii maji ninayooga. Nikanyamaza. Nikachomeka, na kisanduku cha chaja kikawaka taa nyekundu.

Hapa niseme kuhusu chaja. Kebo ya Japani ilikuwa kwenye buti, na pale yadi fundi alikuwa ameshatoa koleo aikate plagi, aiwekee ya kwetu ya pini tatu. Nilimzuia. Kisanduku chake kimeandikwa volti 200, na volti 200 za nyumba ya Kijapani ni nyaya mbili zenye 100 kila mmoja kwa kupima kutoka ardhini. Yetu ni waya mmoja wenye 240 na mwingine sifuri. Tena kebo ile huruhusu ampea 15, wakati plagi yetu ni ya 13. Haitaungua siku ya kwanza. Itaungua usiku wa tatu, saa nane, wakati umelala. Mimi nilibeba chaja ya volti 240 yenye kitufe cha kuchagua 6, 8, 10 au 13, na kwenye soketi ya ugenini sivuki 10. Kila baada ya nusu saa nashika plagi kwa mkono: ikiwa ya uvuguvugu sawa, ikikufanya utoe mkono shusha hadi 6. Ekstensheni ya kuviringisha ifungue yote. Ikibaki imejikunja inajipika yenyewe.

Taa nyekundu maana yake ilikuwa moja: soketi haina ethi, yaani waya wa usalama unaopeleka umeme uliovuja ardhini. Chaja hizi hupima waya wa ethi kabla ya kuruhusu umeme uingie garini, na zisipoupata hazibembelezeki. Tulijaribu soketi ya jikoni, ya mapokezi, ya chumba cha nne. Nyekundu, nyekundu, nyekundu. Televisheni zinafanya kazi, friji inanguruma, kila mtu pale alikuwa na hakika stima ni nzima na gari ndilo bovu.

Aliitwa fundi wa mtaa, mzee mmoja mwenye bisibisi iliyozungushiwa utepe mweusi. Akafunga balbu kwenye holda yenye nyaya mbili tupu, akaigusisha laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha): ikawaka. Laivu na ethi: giza. Multimita yangu ikasema volti 231 kati ya laivu na nyutro, na kati ya nyutro na ethi namba zikawa zinacheza tu, 40, 62, 38, kama waya unaoelea. Akazunguka nyuma ya jengo hadi chini ya mita, akaniita.

"Mkubwa, njoo uone ethi yako."

Waya wa shaba ulishuka ukutani vizuri, umepigiliwa kila futi, ukaishia shubiri moja juu ya udongo. Ulikuwa umekatwa kwa msumeno na ncha imeshaota kijani. Wanunuzi wa vyuma chakavu walipita hapo siku nyingi, wakachukua na chuma chenyewe kilichokuwa ardhini.

Fundi alikuwa na dawa ya haraka: tufungue soketi, tuunganishe nyutro na ethi kwa kipande cha waya, taa itageuka kijani. Ni kweli, itageuka. Ila siku nyutro ikikatika kwenye nguzo, na Mombasa Road malori hugonga nguzo, bodi nzima la gari litakuwa na volti 240 na atakayegusa mlango akiwa peku atakuwa ndiye ethi. Nilikataa. Akaniangalia kama mtu anayependa gharama.

Hadwea ng'ambo ya barabara walikuwa na vyuma vya ethi vya futi nne, vilivyopakwa shaba, shilingi 900 kimoja, na klampu yake 150. Tukanunua kimoja na mita nne za waya wa kijani na njano wa mm 6. Udongo wa Mtito ni mwekundu na mkavu kama tofali. Nyundo ilishindana na chuma dakika arobaini, mpwa wangu akipokezana na mzee, "shika, mjomba, kinapinda," hadi kikabaki kichwa tu. Ndoo moja ya maji ikamwagwa. Balbu ikawaka hafifu, rangi ya chai ya maziwa. Chaja ikageuka kijani, tukashangilia, ikaendelea dakika sita, ikarudi nyekundu.

Udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Chuma kilikuwa kinagusa mchanga, si ardhi. Mzee akafikiri kidogo, akatupeleka upande wa jikoni ambako tangi la maji hufurika kila asubuhi na wapishi humwaga ya kuoshea vyombo. Hapo majani yalikuwa mabichi. Tukanunua chuma cha pili, kikaingia kwa dakika tano kama kisu kwenye papai. Tukaviunganisha vyote viwili, umbali kati yao ukiwa zaidi kidogo ya urefu wa chuma kimoja, maana vikikaribiana sana vinagombania udongo ule ule. Mzee alitaka tutie na chumvi. Chumvi husaidia leo lakini hukila chuma, na mvua huiosha, kwa hiyo tukaiacha jikoni. Balbu ikawaka nyeupe. Nyutro na ethi: volti 3. Chaja ikawa kijani saa kumi na dakika kumi na ikabaki hivyo hadi asubuhi, uniti 16.

Usiku ule ndipo mhudumu aliponiuliza kama nimetengeneza pia showa ya chumba cha nne. Kumbe ile showa ya umeme ilikuwa ikiwapiga wageni shoti ukigusa bomba ukiwa umelowa, na wageni walikuwa wakishauriwa waoge na ndala za mpira. Ndala zenyewe zilikuwa mlangoni, jozi moja, kubwa. Niliwaza bafu za kwetu Nairobi ambako watu huliita jambo hilo "stima kidogo" na kuendelea kujipaka sabuni. Nilioga peku. Haikuuma. Asubuhi meneja alidai 1,000 yake kamili, na vyuma, klampu, waya na mzee vikawa juu yangu pia: 3,400.

Siku ya tatu ilikwenda kwa ratiba. Makindu tulichaji saa nne. Kwenye hekalu la Masingasinga wasafiri hulishwa bure, dengu na chapati, unavua viatu na kufunika kichwa, na kisanduku cha sadaka kipo kwa anayetaka. Salama tulichaji saa tatu nyingine. Mlima kutoka hapo ulikula kama nilivyohesabu, na tulipoteremka kuelekea Athi River niliweka gia ya B, mota ikawa breki na kurudisha kidogo. Nairobi tuliingia na asilimia 11. Bila kuhesabu chaji ya Mombasa, ukutani tulivuta uniti kama 58 na kulipa 2,600, ambayo ni karibu mara moja na nusu ya bei ya tokeni. Wenye soketi njiani hawauzi umeme, wanauza kutokuwepo kwa mwingine.

Lililofanyiwa gari tangu lifike ni hivi. Nyumbani nimeweka soketi ya bluu ya viwandani ya ampea 16, ile mafundi huiita komando, kwa waya wa mm 4 moja kwa moja kutoka kwenye boksi la swichi, breka yake peke yake na kinga inayokata umeme ukivuja, ya milliampea 30. Betri ndogo ya volti 12 nimebadilisha bila kusubiri. Ikilala, gari haliwaki hata kama ile kubwa imejaa, na dashibodi hutoa makosa ya kila aina yanayomfanya fundi asiyejua aanze kufungua visivyohusika. Saizi ni B24, madukani ulizia NS60, na uangalie nguzo ya chanya iko upande gani kabla hujaibeba. Redio ya Kijapani huishia 90 MHz, kwa hiyo stesheni nyingi za kwetu haizisikii. Kuna kigeuzi kidogo kinachoingia kwenye waya wa antena. Tairi la spea hakuna kabisa, hukuta gundi na pampu tu, basi nimenunua ringi ya inchi 16 yenye matundu matano, 5x114.3, ikalala kwenye buti. Spesa za kuinua springi bado nasita: sentimita mbili na nusu zingeliokoa kwenye matuta ya Emali, lakini gari likiinuka upepo unaingia chini na kilomita zinapungua, halafu lazima uende alaimenti.

Wiki tatu baadaye meneja wa Mtito alinipigia. Amefikiwa na mtu mwenye gari kama langu, taa yake ni ya kijani, na mgeni huyo anataka kujua nilimlipa meneja ngapi kwa chaji, maana anakataa kuamini ni 1,000. Nikamwuliza showa je. Akasema ndala amewapa watoto wa jikoni.