Eti mwanariadha!

Jamani nimetoka kwa shemeji hapa Dallas kuangalia futiboli ya Kimarekani, ile ya mikono, mpaka saa hizi roho haijatulia.

Kwotabeki mzungu, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, katupa pasi, mtangazaji kashangilia, "anausoma mchezo, ana kichwa!"
Haya.
Mweusi naye katupa ileile, tena mbali zaidi, kasimama palepale hajakimbia hata hatua moja, eti "kipaji cha kuzaliwa, mwanariadha huyu!"

Mwanangu wa miaka 9 kanigeukia, "Baba, kwani yeye hausomi?"
Nikabaki na kipapatio cha kuku mkononi.

Si hata Lamar Jackson, kwotabeki mweusi, 2018 kuna waliosema aache kurusha akawe mpokeaji, wa kukimbia na kudaka pasi tu? Msimu wa 2019 akabeba MVP, tuzo ya mchezaji bora wa ligi, kwa kura zote 50.

Wenzangu nyie mngemjibuje mtoto?