Kabla hujabofya Group By: kujumlisha mauzo kwa Power Query

Mfanyabiashara wa jumla pale Kariakoo mwenye mistari elfu nane ya mauzo ya mchele, unga na sukari anataka jibu fupi tu: mwezi huu Mbagala wamechukua mzigo wa shilingi ngapi, Tandale ngapi, Buguruni ngapi. Kwenye Power Query, zana ya kusafisha na kupanga data iliyomo ndani ya Excel tangu toleo la 2016, kazi hiyo ni ya dakika moja. Kinachokula muda ni uchafu wa data yenyewe.

Weka kishale popote ndani ya data, bonyeza Ctrl+T iwe jedwali, kisha fungua kichupo cha Data na uchague From Table/Range. Dirisha likifunguka, usikimbilie Group By, yaani amri ya kupanga mistari kwa makundi na kuijumlisha. Anza na safu ya Eneo. Power Query hutofautisha herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo "Mbagala", "mbagala" na "Mbagala" yenye nafasi mwishoni kwake ni maeneo matatu, na kila moja litapata jumla yake. Nenda Transform, kisha Format, chagua Trim halafu Capitalize Each Word. Ila Trim hukata nafasi za mwanzoni na mwishoni tu. "Mbezi  Beach" yenye nafasi mbili katikati itabaki vilevile mpaka uirekebishe kwa Replace Values.

Safu ya Kiasi ndiyo inayowatesa wengi, kwa sababu ya mazoea yetu ya kuandika 12,500/=. Kwa Excel hayo ni maandishi, si namba. Power Query hukisia aina ya safu kwa kuangalia mistari 200 ya kwanza. Kama "/=" ya kwanza iko mstari wa 640, safu itahesabiwa kuwa ya namba na seli hiyo itageuka Error. Kosa moja tu linatosha kuharibu jumla ya eneo zima. Futa hatua ya Changed Type iliyojiweka yenyewe, ifanye safu iwe ya Text, ondoa "/=" kwa Replace Values, ndipo ubadilishe aina iwe ya namba. Ukiondoa baada ya kuibadilisha kuwa namba, umechelewa: Error imeshaingia.

Sasa bofya Group By, chagua Advanced, weka Eneo kama safu ya kupangia makundi, kisha ongeza Sum ya Kiasi na Sum ya Kilo. Safu yoyote usiyoitaja hapo inatoweka kwenye matokeo. Kwa hiyo kama unataka kuchuja kwa tarehe, chuja kwanza. Na ukitaka makundi ya mwezi, tumia Start of Month badala ya jina la mwezi, maana jina huchanganya Machi ya mwaka huu na ya mwaka jana.

Wastani una mtego wake. Mteja mmoja amenunua kilo 2 kwa 3,000 kila kilo, mwingine kilo 50 kwa 2,600. Average ya safu ya bei itakupa 2,800. Lakini pesa iliyoingia ni 136,000 kwa kilo 52, yaani kama 2,615 kwa kilo. Chukua jumla mbili ulizokwisha kupata, kisha gawanya ya Kiasi kwa ya Kilo kwenye Custom Column, yaani safu mpya unayoiandikia fomula mwenyewe. Ukipanga bei ya msimu ujao kwa ile 2,800, unajidanganya.

Kuhesabu wateja nako kuna utata. Count Distinct Rows hulinganisha mstari mzima, si safu ya Mteja peke yake. Mama ntilie aliyekuja mara kumi kwa tarehe tofauti atahesabiwa watu kumi. Hapa hakuna ujanja ila kuingia kwenye fomula na kubadilisha sehemu hiyo iwe:

each List.Count(List.Distinct([Mteja]))

Chaguo la All Rows watu hulipita, nami naona ndilo tamu kuliko yote. Huhifadhi mistari yote ya kundi kama jedwali dogo ndani ya seli. Ukiliita Zote, fomula Table.Max([Zote], "Kiasi")[Bidhaa] kwenye Custom Column itakutajia bidhaa iliyobeba mauzo makubwa zaidi ya mara moja katika kila eneo.

Maliza kwa Close & Load. Mauzo ya kesho yaandikwe chini ya jedwali lilelile, halafu Refresh All, na hatua zote zitajirudia zenyewe.