Koki ya Shimoni, Tiexi 1999

Mtu aliyekwisha kuishi Beijing majira mawili ya baridi hujipatia tabia moja bila kuijua: aingiapo chumbani, kabla hata hajaketi, mkono wake huenda wenyewe kwenye redieta, kile chuma cha maji ya moto cha kupashia chumba joto, kilicho chini ya dirisha. Ndivyo nilivyofanya jioni ya tarehe 11 Februari 1999, nilipoingia sebuleni kwa wazazi wa rafiki yangu katika wilaya ya Tiexi, mjini Shenyang, baada ya safari ya karibu kilomita 700 ambayo sehemu kubwa nilikuwa nimesimama kwenye ujia wa behewa, nimebanwa na watu waliokuwa wakirudi makwao kwa ajili ya mwaka mpya wa Kichina. Chuma kilikuwa baridi. Mama mwenye nyumba aliuona mkono wangu, akautazama mpaka nilipouondoa, kisha akaniletea glasi ya maji ya moto na koti la pamba la mumewe, na kwa siku zote nilizokaa pale sikulivua koti lile ila wakati wa kulala.

Wakati huo nilikuwa nikisoma uchumi Beijing kwa ufadhili wa serikali ya China, na mimi na rafiki yangu huyu tulikuwa tukibadilishana lugha: yeye akinirekebishia Kichina, mimi nikimrekebishia Kiingereza. Nilikuwa na insha ya muhula kuhusu mageuzi ya viwanda vya dola, yaani vya serikali, na sentensi yake ya kwanza nilikuwa nimeiandika kabla sijapanda treni. Ilisema kwamba tangu kikao cha Desemba 1978 cha Kamati Kuu ya Chama cha Kikomunisti, mageuzi ya China yamekuwa historia ya dola kujiondoa katika uchumi hatua kwa hatua: kwanza mashambani, ambako wakulima 18 wa kijiji cha Xiaogang walitia dole gumba kwenye mkataba wa siri ili wagawane ardhi ya jumuiya, kisha katika kanda maalumu za kiuchumi kama Shenzhen, kisha katika bei, na sasa viwandani. Niliipenda sana sentensi ile. Rafiki yangu aliisoma, hakusema kitu, akanialika kwao likizo.

Baba yake alinipokea kwa swali moja: baba yangu ana umri gani? Nilipomtajia alipiga hesabu, akaona yeye amezaliwa nyuma kwa miaka minne, akaamua kwamba nimwite shushu, yaani baba mdogo, kama ambavyo nyumbani Tanga ningemwita mdogo wake baba. Alikuwa mkereza vyuma, yaani fundi wa kuchonga vyuma kwa mashine, wa daraja la saba katika mizani ya zamani ya madaraja manane, jambo alilolitaja mara tatu jioni ile ya kwanza. Aliingia kiwandani mwaka 1971. Nyumba ile ya vyumba viwili ilikuwa imejengwa na kiwanda, zahanati alikozaliwa rafiki yangu ilikuwa ya kiwanda, shule yake ya msingi vilevile, na maji ya moto yaliyopaswa kupita ndani ya redieta yalilipiwa na kiwanda. Hayo yote kwa pamoja Wachina waliyaita bakuli la chuma, kwa kuwa halivunjiki.

Kuhusu maji yale nilipata maelezo marefu. Kampuni ya kupasha joto ilikuwa na boila zake, na kila kiwanda kiliilipa ada kwa niaba ya wafanyakazi wake, kwa kipimo cha mita za mraba za nyumba zao. Kiwanda chao kilikuwa na deni la majira mawili. Bomba lilipanda kutoka ghorofa ya chini hadi ya juu kwa mstari mmoja, likiingia na kutoka katika kila nyumba, kwa hiyo haikuwezekana kumfungia mmoja na kumwachia mwingine. Koki ilikuwa moja tu, ndani ya shimo lililofunikwa karibu na mlango wa jengo, na ilipofungwa walitetemeka wote, hata mwalimu mstaafu wa ghorofa ya tano ambaye ada yake haikuwa na deni hata la senti. Baba mdogo alinichorea mfumo mzima nyuma ya ukurasa wa kalenda, kwa mistari iliyonyooka kama ya rula, na alipomaliza akaizungushia koki duara jekundu. Mchoro ule ninao hadi leo.

Yeye mwenyewe hakuwa amefukuzwa kazi. Neno lililotumika lilikuwa xiagang, ‘kushuka lindoni’, na tofauti hiyo haikuwa mchezo wa maneno: jina lake lilibaki kwenye daftari la kiwanda, na kwa muda usiozidi miaka mitatu alistahili kupata posho kutoka kituo cha kuwatafutia watu kama yeye kazi nyingine. Posho hiyo ilikuwa na mafungu matatu. Theluthi ilitoka serikalini, theluthi kwenye mfuko wa bima ya kukosa kazi, na theluthi ilitakiwa itoke kiwandani, ambako ndiko hasa hakukuwa na fedha. Sera yenyewe kila mtu aliijua. Mkutano Mkuu wa 15 wa chama, mwezi Septemba 1997, uliidhinisha kushika viwanda vikubwa na kuachia vidogo, na Zhu Rongji, aliyeshika uwaziri mkuu Machi 1998, aliahidi kwamba ndani ya miaka mitatu viwanda vingi vikubwa na vya kati vilivyokuwa vikipata hasara vitakuwa vimetoka taabuni. Kiwanda cha baba mdogo kilikuwa cha kati. ‘Hakikutosha kushikwa,’ alisema, ‘wala hakikuwa chepesi cha kuachiwa.’

Kesho yake walikuja wageni. Kila mwaka, sikukuu inapokaribia, vyama vya wafanyakazi nchini China huzitembelea familia zenye dhiki katika kampeni inayoitwa ‘kupeleka joto’. Walikuja watu watatu kutoka kiwandani, na gunia dogo la mchele, chupa ya mafuta ya kupikia na bahasha. Walikaa dakika kumi bila kuvua makoti, pumzi zao zikionekana hewani, wakapiga picha, na mmoja wao, mama wa makamo, akaenda kuegemea redieta, akashtuka kama nilivyoshtuka mimi. Nilielezwa baadaye kwamba hata yeye alikwisha kupewa barua yake ya kushuka lindoni, ianze mwezi Machi.

Tarehe 13 asubuhi niliomba kufuatana na baba mdogo hadi kwenye mtaa wa vibarua. Mkewe alikataa kwa sababu ya baridi, lakini mume alisema kwamba mwanauchumi asiyeliona soko ni sawa na fundi asiyegusa chuma. Walikuwapo watu kama 60, wengi wao wamevuka miaka 40, wamesimama kandokando ya barabara, na kila mmoja ameweka miguuni au amening’iniza kifuani kipande cha boksi kilichoandikwa ujuzi wake: rangi, vigae, useremala, umeme. Cha baba mdogo kilikuwa na mwandiko mzuri kuliko vyote. Hakuandika kwamba anakereza vyuma, maana hakuna mpita njia anayehitaji kukereziwa chuma. Aliandika ‘mabomba na boila’.

Hapa lazima nikiri jambo la kuchekesha. Mwafrika katika mtaa ule alikuwa kioja, na haikupita robo saa tukawa tumezungukwa. Alipenya mtu mmoja mnene mwenye kofia ya manyoya, akaniuliza mimi nauza ujuzi gani. Kabla sijafumbua mdomo, baba mdogo akajibu: ‘Huyu ni mwanagenzi wangu.’ Watu wakaangua kicheko, yule mtu akakisoma kile kipande cha boksi, na punde tukawa ndani ya gari lake, tunakwenda kutengeneza boila ya hamamu.

Hamamu yenyewe ilikuwa imefunguliwa katika lililokuwa bwalo la kiwanda kingine, ambacho hakikuwapo tena. Mwenye nayo zamani alikuwa dereva wa kiwanda hicho. Pango alililipa kwa ofisi ya serikali ya wilaya, mkopo aliupata benki ya dola kwa dhamana ya ofisi hiyohiyo, na makaa ya mawe aliyachoma ya mgodi wa dola; ukutani bado yalisomeka maandishi mekundu yaliyofifia, yakiwahimiza wafanyakazi wasibakize chakula. Nilimuuliza, kwa Kichina changu cha darasani, kama biashara yake ni binafsi. Alisema ni binafsi kabisa, akaniomba radhi kwenda kupokea simu kutoka wilayani.

Ubovu ulikuwa kwenye pampu. Bushi moja ya shaba, kile kipande cha mviringo chenye tundu, ilikuwa imelika, na maduka ya vipuri yalikwisha kufungwa kwa sikukuu. Baba mdogo aliomba kipande cha shaba, tukaenda kwa mwenzake wa zamani aliyenunua mashine ya kerezo kwenye mnada wa kiwanda na kuiweka bandani, nyuma ya nyumba. Ndipo nilipomwona akifanya kazi yake. Alivua glavu zote mbili katika baridi ile, akaiwasha mashine, na vinyweleo vya shaba vikaanza kujikunja na kudondoka. Kila mara aliisimamisha, akapitisha ukucha wa kidole gumba ndani ya tundu, akatikisa kichwa, akaondoa unywele mmoja zaidi, akapitisha tena. Hakuzungumza hata neno. Bushi iliingia mahali pake kwa kusukumwa na kiganja. Alilipwa yuan 80, na sisi wawili tukaruhusiwa kuoga bure.

Tukiwa ndani ya maji ya moto hadi shingoni, alizungumza kwa kirefu. Hakuwa adui wa mageuzi. Miaka ya themanini yalimletea marupurupu na televisheni, ingawa mwaka 1988 bei zilipokimbia alipanga foleni na majirani kununua chumvi na viberiti vya kuweka akiba. Alikumbuka pia kiwanda cha kwanza cha China mpya kutangazwa kufilisika, tarehe 3 Agosti 1986, katika mji huohuo wa Shenyang. Yeye na wenzake walikwenda kulitazama lango lililofungwa kama watu wanaokwenda kutazama ajali. Nami nikamweleza habari za baba yangu, aliyepunguzwa kazi mwaka 1995 katika kiwanda kimoja cha umma Tanga, akanunua mashine ya kusaga nafaka kwa kiinua mgongo chake. Aliuliza kiwanda kikawaje. Nikasema kilipewa mwekezaji, sasa ni ghala. Aliuliza kama reli ya TAZARA, ile tuliyojengewa na Wachina, bado inafanya kazi. Nikasema inafanya, japo treni huchelewa, akafurahi. Mwishowe nikamwambia kwamba mwaka uliotangulia Wizara ya Fedha ilitoa hati fungani maalumu za yuan bilioni 270 ili kuziongezea mtaji benki nne kubwa za dola, ambazo zilikuwa zimevikopesha viwanda kama chake fedha zisizorudi. Alifikiri kidogo. ‘Kumbe nazo zimepelekewa joto,’ alisema.

Usiku ule niliifuta sentensi yangu. Benki, mgodi, pango la hamamu na theluthi ya posho vyote vilikuwa bado mikononi mwa dola. Kilichoachiwa ni ile ahadi ya kumtunza mkereza vyuma hadi uzeeni. Sisemi kwamba palikuwa na njia nyepesi, kwa kuwa viwanda vingi vya Tiexi vilitengeneza bidhaa zisizo na mnunuzi, na haikuwezekana kuendelea kuvikopesha milele. Lakini zaidi ya watu milioni 20 walishushwa lindoni nchini kote katika miaka ile, na vitabu vyangu viliwaita ‘nguvukazi ya ziada’.

Mkesha wa mwaka mpya, tarehe 15, tulikaa mezani tukifinyanga jiaozi, mfano wa sambusa ndogo zinazochemshwa, na mama alinitengenezea zangu za mayai na majani ya vitunguu, katika sufuria yake peke yake, kwa kuwa sili nguruwe. Karibu saa tatu usiku, tamasha la mwaka mpya likiendelea kwenye televisheni, bomba liligonga mara mbili. Wote tukanyamaza. Baba mdogo alichukua kikombe na spana ndogo, akalegeza skrubu ya redieta, na hewa ikatoka ikifoka kwa muda mrefu, kisha maji meusi, kisha maji ya uvuguvugu. Hakuna aliyetuambia nani aliamuru koki ifunguliwe.

Rafiki yangu aliporudi Beijing mwezi Machi aliniambia kwamba ilifungwa tena siku ya sita ya mwaka mpya. Alikuwa pia na ujumbe kwangu kutoka kwa baba yake: yule mwanagenzi anadaiwa nusu siku ya kazi, kwa sababu aliingia kuoga wakati fundi bado anaijaribu boila.